Kabla ya kununua kamera, hesabu lenzi za wenzako

Jumamosi moja, saa nane na robo mchana, ibada ya ndoa ikiwa imeshaanza, mtoto mmoja alipita mbio kwenye ujia wa kanisa akakumba stendi yangu. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ilinusurika. Lenzi ndefu ya 70-200 (ni milimita; namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta mbali zaidi), ambayo ndiyo ningepigia viapo nikiwa mbali na madhabahu, iligonga sakafu na pete yake ya nyuma ikapinda. Nilitoka nje nikampigia mwenzangu anayefanya kazi upande wa Sinza. Baada ya dakika kama arobaini bodaboda ilisimama getini, lenzi yake ikiwa imeviringishwa kwenye kanga ndani ya mkoba. Nikaichomeka, ikashika, nikarudi ndani. Mahubiri yalikuwa marefu siku hiyo, viapo sikuvikosa.

Tangu hapo, mtu akiniuliza anunue kamera gani, namuuliza kwanza watu anaofanya nao kazi wana lenzi gani. Wengi swali hilo huwashangaza, maana wamekuja na majina mawili ya kamera na bei zake mkononi, wanataka niseme jina moja tu. Mwezi uliopita kijana mmoja wa Tanga aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nimejichanga nina milioni tatu. Kuna kamera mpya ndogo isiyo na kioo, inakuja na lenzi yake moja, na kuna fulu fremu ya zamani haina lenzi. Nichukue ipi?" Kamera isiyo na kioo ni ile ambayo, tofauti na DSLR za zamani, haina kioo cha kuakisi ndani yake. Fulu fremu ni yenye sensa kubwa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga. Nilimpigia, tukaongea karibu saa nzima. Ninayoandika hapa ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia baada ya kukata simu.

Toa lenzi kwenye kamera yoyote inayobadilishwa lenzi. Utaona pete ya chuma, na ndani yake safu ya vidoti vinavyong'aa kama dhahabu. Pete hiyo ndiyo maunti. Vidoti ndiyo njia ambayo bodi huiambia lenzi isogeze fokasi wapi na ifungue tundu la kupitisha mwanga kiasi gani. Karibu kila kampuni ina pete yake na lugha yake ya vidoti, kwa hiyo lenzi ya Nikon haikai kwenye bodi ya Canon kama ilivyo, hata ukiilazimisha. Ukinunua kamera umeichagua pete hiyo, na kila lenzi utakayonunua baadaye itaifuata.

Ukiziacha jina na rangi ya boksi, kinachotofautisha pete hizi ni vipimo viwili: upana wake, na umbali kutoka kwenye pete hadi kwenye sensa. Maunti ya Canon EF, iliyotoka 1987, ina upana wa milimita 54 na iko milimita 44 mbele ya sensa. Umbali huo ulikuwa wa lazima kwa sababu nyuma ya lenzi kulikuwa na kioo kinachoruka juu kila unapobonyeza. Mwaka 2018 Canon walitoa maunti ya RF kwa kamera zisizo na kioo. Upana ni uleule wa milimita 54, lakini umbali umeshuka hadi milimita 20. Toa 20 kwenye 44, zinabaki 24. Adapta ya kuvalisha lenzi ya EF kwenye bodi ya RF ni bomba fupi linaloziba pengo hilo na kupitisha mawasiliano ya vidoti, wala halina kioo chochote cha lenzi ndani cha kuharibu picha. Lenzi za EF zilizotengenezwa 2001 zinafanya kazi leo kwenye bodi za RF, fokasi na vyote. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiwezi kuvalishwa bodi ya zamani, kwa sababu huwezi kuisogeza karibu na sensa kuliko kioo kinavyoruhusu.

Nikon nao wamepita njia hiyohiyo. Maunti yao ya F ya 1959 ina umbali wa milimita 46.5, na ile mpya ya Z ya 2018 ina 16. Wanayo adapta pia, ila lenzi zao za zamani ambazo fokasi yake ilizungushwa na mota iliyomo ndani ya bodi hupoteza fokasi ya kujiendesha zikipita kwenye adapta hiyo. Jambo hili limewaumiza watu walionunua lenzi hizo kwa bei nafuu wakidhani zitahama nao.

Halafu kuna maunti zilizofika mwisho wa barabara. Samsung waliingia kwenye kamera za kubadilisha lenzi kwa mfumo wa NX 2010, wakaacha baada ya miaka michache. Nikon walikuwa na mfumo mdogo ulioitwa Nikon 1 kuanzia 2011 hadi 2018. Canon wenyewe walikuwa na EF-M kuanzia 2012, ikaachwa 2023, na hakuna adapta ya kupeleka lenzi zake kwenye RF kwa sababu umbali wake ni mfupi zaidi, milimita 18. Bado utaziona kamera za EF-M zikiuzwa mtandaoni kwa bei inayovutia sana. Zinapiga picha nzuri. Ila siku utakapotaka kupanda ngazi utauza kila kitu na kuanza upya, na mnunuzi wako atakuwa anajua hilo.

Sasa ubora. Neno hili wauzaji hulitumia ovyo, na mimi nalibana kwa swali moja: picha inakwama wapi? Kwenye kazi zetu, sendofu, harusi, kicheni pati, mahafali, picha hukwama kwenye mwanga. Ukumbi una taa za rangi, kanisa lina balbu tatu juu ya dari ya mita kumi, na bibi harusi anavishwa ndani ya chumba chenye dirisha moja lenye pazia zito. Hapo ndipo picha inapojaa chenga na uso unapokuwa kama umepakwa majivu.

Kamera nyingi za kuanzia huja na lenzi ya 18-55 yenye f/3.5 hadi f/5.6. Namba ya f ni urefu wa fokasi wa lenzi (zile milimita, kama 55) ukigawanywa kwa upana wa tundu lake, kwa hiyo namba ikipungua tundu linapanuka. Ukivuta lenzi hiyo hadi 55 ili upate uso vizuri, tundu linabaki f/5.6. Chukua badala yake lenzi ya 50 yenye f/1.8. Gawanya 5.6 kwa 1.8, zidisha jibu kwa lenyewe, unapata karibu 10. Lenzi ya pili inaingiza mwanga mara 10. Picha uliyolazimika kuipiga kwa ISO 6400 (ISO ni kiwango ambacho kamera hukuza mwanga iliyoupokea; ikipanda, chenga huongezeka) sasa unaipiga kwa ISO 640, kasi ileile ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga), chumba kilekile. Chenga karibu zote zimeondoka.

Linganisha na kubadilisha bodi. Sensa ya fulu fremu ina ukubwa wa milimita 36 kwa 24. Sensa ndogo ya APS-C ya Canon ina takriban 22.3 kwa 14.9. Ukipiga hesabu ya eneo, ile kubwa ni mara 2.6 ya ile ndogo, na hiyo ndiyo faida yake ya mwanga, lenzi zikiwa na f ileile. Mara 2.6 ni faida ya kweli, mimi mwenyewe natumia fulu fremu na sitaki kurudi nyuma. Lakini Canon EF 50mm f/1.8 STM ilipotoka 2015 ilitangazwa kwa dola 125. Canon R6, bodi tupu ya fulu fremu, ilitoka 2020 kwa dola 2,499. Weka mara 10 kwa dola 125 upande mmoja, na mara 2.6 kwa dola 2,499 upande wa pili, halafu uniambie milioni tatu za kijana wa Tanga zianzie wapi.

Hesabu hii ina mipaka, na ni vizuri kuijua kabla ya kwenda kazini. Ukifungua f/1.8 karibu na mtu, jicho moja linakuwa kali na sikio limeyeyuka. Kwa mtu mmoja inapendeza. Kwa ndugu kumi na wanane waliopangwa safu tatu jukwaani ni balaa, maana safu ya nyuma yote itatoka na ukungu. Hapo lazima urudi f/5.6 au zaidi, na faida ya mwanga uliyonunua imeondoka. Kinachokuokoa ni flashi. Flashi ya kampuni nyingine, yenye kichwa kinachogeuka, ukaielekeza kwenye dari nyeupe mwanga ukadunda na kushuka juu ya watu, itakupa picha ya familia ambayo bodi ya bei mbaya bila flashi haiwezi kuifikia. Kwenye turubai refu au dari nyeusi mwanga haudundi, utahitaji mwavuli na stendi. Bado ni fedha kidogo ukilinganisha na bodi.

Mpaka mwingine: lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo ya Canon inaona kama 80. Chumbani kwa bibi harusi utajikuta mgongo umegusa kabati na bado shela halijaingia lote. Canon walitoa lenzi nyembamba ya 24mm f/2.8 kwa ajili hiyo, nzuri na ya bei ndogo, lakini ni ya EF-S, yaani imetengenezwa kwa sensa ndogo, na haikai kabisa kwenye DSLR ya fulu fremu. Lenzi za EF zinakaa kwenye bodi zote mbili. Mimi humwambia anayeanza anunue lenzi zake kubwa zote ziwe EF hata kama bodi yake ni ya sensa ndogo. Hiyo moja ya 24 anaweza kujiruhusu.

Kuhusu kamera zisizo na kioo sina ubishi: ndiko dunia ilikokwenda. DSLR mpya za mwisho za Canon zilitoka 2020. Kamera mpya hufuata jicho la mtu hata akitembea, na unaona kwenye kitundu cha kutazamia picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Zinaweza pia kupiga kimya kabisa, jambo linalopendeza sana wakati wa nikaha, watu wametulia wanasikiliza. Ila ukimya huo una mtego. Umeme wetu ni wa Hz 50, na taa nyingi za LED za ukumbini huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki husoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa juu na mingine ikiwa imefifia. Matokeo yake ni michirizi ya giza yanayokatiza picha nzima kama nguo ya mistari, na hakuna programu inayoyasafisha vizuri. Rudisha shata ya kawaida, au shusha kasi hadi 1/100. Betri nazo huisha upesi: Canon RP ya 2019 imepimwa picha 250 kwa chaji moja, wakati 5D Mark III ya 2012, yenye kioo, imepimwa 950. Kazini utapata zaidi ya hapo kwenye zote mbili, lakini uwiano ndio huo, na betri mbili za ziada lazima ziingie kwenye bajeti.

Wanaopenda Sony wana hoja nzito, nayo ni lenzi. Sony walifungua maunti yao ya E kwa watengenezaji wengine mapema. Tamron walitoa 28-75mm f/2.8 ya Sony mwaka 2018 kwa dola 799, wakati 24-70mm f/2.8 ya Sony wenyewe ilitoka kwa dola 2,199. Zumu moja ya f/2.8 ndiyo lenzi inayokaa kwenye kamera ya mpiga picha wa harusi siku nzima, kwa hiyo tofauti hiyo ni kubwa mno. Canon kwa miaka kadhaa waliifunga RF, na walipoanza kuwaruhusu Sigma na Tamron 2024 ilikuwa kwa lenzi za sensa ndogo. Kwa anayeanza leo na fedha za kutosha, mahali ambapo wenzake wanatumia Sony, ningemwambia aende Sony bila kusita. Angalizo moja tu: kamera nyingi za Sony zilizouzwa ndani ya Japani zina menyu ya Kijapani pekee na haibadiliki. Ukitumiwa au ukiuziwa iliyotoka huko, washa menyu kwanza kabla ya kulipa.

Fujifilm na mfumo wa Micro Four Thirds (wa sensa ndogo zaidi, wa Olympus na Panasonic) ni mizuri, hasa kwa safari na kwa mtu asiyetaka kubeba kilo tano begani. Kwa kazi za hapa nimekutana nayo mara chache mno kiasi kwamba kuazima lenzi ingekuwa bahati.

Megapikseli nazipita haraka. Kuchapa A4 kwa kiwango kizuri cha nukta 300 kwa inchi kunataka karibu megapikseli 9. A3 inataka kama 17.5. Canon 5D Mark II ya mwaka 2008 ina 21. Albamu ya harusi, hata kubwa, iko ndani ya uwezo wa kamera hiyo. Bodi ya megapikseli 45 inakupa faili za RAW, yaani data ghafi ya sensa, zinazoweza kukaribia MB 50 kila moja, na harusi ya picha 2,000 inakaribia GB 100. Hapo umeshajinunulia kompyuta mpya na diski mbili bila kujua. Lakini RAW yenyewe usiiache, hata kwenye bodi ya zamani. JPEG, picha ambayo kamera imeshaibana, ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi, RAW ya biti 14 ina 16,384. Bibi harusi mwenye ngozi nyeusi, amevaa shela jeupe, amesimama nusu juani nusu kivulini: kwenye JPEG utachagua kuokoa uso au kuokoa nguo. Kwenye RAW unawapa ndugu zake vyote viwili, na nyuzi za lesi zinahesabika.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo kwenye bei, na sisi wa pwani tunaijua kuliko watu wa Dodoma. Ni kuvu. Unyevu wa Dar, Tanga, Unguja na Mombasa unaingia ndani ya lenzi, na lenzi ikikaa kwenye mkoba wa ngozi ndani ya kabati miezi miwili mitatu, kuvu huota juu ya vioo. Miaka ya nyuma nilinunua lenzi iliyotumika kwenye duka moja, nje safi kabisa, kama mpya. Nikaipigia wiki tatu nikishangaa kwa nini taa zote kwenye picha zina ukungu kuzizunguka. Fundi aliifungua mbele yangu. Kioo cha pili kutoka nyuma kilikuwa na nyuzi nyeupe zilizosambaa kama mizizi ya mche mdogo, na alipozifuta, chini yake zikabaki alama: kuvu ilikuwa imeshakula rangi ya juu ya kioo. Fedha ile haikurudi.

Kwa hiyo nunua lenzi iliyotumika ukiwa na tochi. Fungua tundu lote, washa taa ya simu upande mmoja, tazama kwa upande wa pili ukiwa umeinamisha kidogo, sio moja kwa moja. Vumbi chache si tatizo. Nyuzi, utando wa buibui au madoa yenye miguu ni kuvu, iache hata wakikupunguzia nusu. Tikisa lenzi ikiwa kwenye bodi uone kama pete inacheza. Kwa bodi, piga ukuta mweupe kwa f/22 uone madoa ya sensa, na uulize shata imepiga mara ngapi: 5D Mark II imekadiriwa mara 150,000, bodi nyingi za kuanzia 100,000 au chini. Ukishanunua, lenzi zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na vipakiti vya silika (vinavyofyonza unyevu) vilivyokaushwa.

Kijana wa Tanga alikwenda kuuliza wenzake kama nilivyomwomba. Alirudi baada ya siku mbili: wapiga picha watano anaoshirikiana nao, wanne wana Canon za EF, mmoja ana Sony. Mmoja wa wale wanne ana 70-200 na huikodisha kwa siku. Basi tukakaa na milioni tatu zake. Bodi ya Canon ya sensa ndogo iliyotumika. Lenzi ya 50 ya EF. Flashi yenye kichwa kinachogeuka. Betri mbili za ziada, memori kadi mbili alizozijaribu kwa kuzijaza hadi mwisho na kufungua faili zote, maana kadi feki hudanganya ujazo. Kilichobaki akakiweka kwa ajili ya kukodi 70-200 kwenye kazi tatu za mwanzo.

Lenzi ya kwanza aliyoonyeshwa ilikuwa na nyuzi, akaiacha. Jumapili jioni alinitumia picha ya nyingine, mwanga wa simu ukipita katikati ya vioo, ndani weupe mtupu, pembeni chembe mbili za vumbi. "Hii je, kaka?" Niliikuza picha hadi mwisho, nikaikagua kona kwa kona, nikamwandikia: chukua.